UZI MREFU: Watempla, askari watawa wa Vita vya Msalaba. Walivyoanzia Al-Aqsa, walivyomalizwa na mfalme mwenye madeni, na msalaba wao ulivyofika Malindi

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Kila ikiangukia Ijumaa tarehe 13 humu ndani lazima uibuke uzi wa Watempla, na kila uzi unaishia palepale, hazina iliyofichwa, kichwa cha shetani, Freemason, basi tumemaliza tunaenda kulala. Mimi habari za hawa watu nimezisoma miaka kadhaa sasa na kinachoniuma ni kwamba ile habari yenyewe ya kweli, yenye watu waliochomwa nyayo mpaka mifupa ikadondoka, hakuna anayeisimulia. Kwa hiyo leo naileta mimi. Naandika kwa simu, nitakata vipandevipande, mods naomba msiunganishe na nyuzi zingine. Na mwisho wa safari tutatia nanga pwani yetu hapahapa, wala siyo kwa kulazimisha, mtaona wenyewe.

Tuanze mwaka 1099. Tarehe 15 Julai majeshi ya Wazungu wa magharibi, ambao watu wa Shamu (Syria na nchi jirani) waliwaita wote Wafaranga hata kama hawakutoka Ufaransa, yaliingia Yerusalemu na kuua watu wengi sana, Waislamu na Wayahudi. Baada ya hapo wengi wao wakarudi makwao. Hiki kitu watu hawakifikirii, kuteka mji ni siku moja ila kuukalia ni kazi ya kila siku, na waliobaki walikuwa wachache mno. Huku nyuma mahujaji wa Kikristo wanamiminika, wanashukia bandari ya Yafa, wanapanda milima kama kilometa 60 mpaka Yerusalemu, njia haina mlinzi. Pasaka ya 1119 msafara mmoja wa mahujaji ukavamiwa kuelekea mto Yordani, wakauawa watu kama 300.

Ni kipindi hichohicho anatokea kabaila mmoja wa Champagne kule Ufaransa, Hugues de Payns, na wenzake wachache, mapokeo yanasema jumla walikuwa tisa. Wakaenda mbele ya Patriaki, yani askofu mkuu wa Yerusalemu, wakaweka nadhiri zilezile tunazozijua za masista na mabruda, ufukara, useja na utii, halafu wakaongeza la kwao, kulinda mahujaji kwa upanga. Mfalme Baldwin II akawapa pa kulala ndani ya jumba alilokuwa anakaa, na jumba lenyewe ni Msikiti wa Al-Aqsa. Wafaranga waliamini pale ndo palikuwa Hekalu la Suleimani, wakalibatiza hivyo, na hao jamaa wakaitwa maskini wa Kristo na wa Hekalu la Suleimani. Watempla maana yake ni hiyo tu, watu wa hekalu.

Naendelea.

Mleta uzi

Sasa ugumu ulikuwa huu. Kanisa la wakati ule lilikuwa na mtawa, na lilikuwa na askari, mtawa hamwagi damu na askari akiua anafanya toba hata kama vita ilikuwa halali. Hawa wanataka kuwa vyote viwili kwa pamoja. Hugues akarudi Ulaya kutafuta kibali, na mtu aliyembeba ni abati (mkuu wa monasteri) Bernard wa Clairvaux, ambaye wakati ule neno lake lilikuwa zito kuliko la maaskofu wengi. Januari 1129 ukafanyika mtaguso, yani mkutano wa Kanisa, mji wa Troyes wakaandikiwa kanuni za maisha, vifungu 72.

Ukizisoma hizo kanuni unawaona kabisa. Wanakula wawili wawili, kimya, mmoja anasoma Maandiko kwa sauti. Nyama mara tatu kwa wiki, siyo zaidi. Viatu vya ncha ndefu ambavyo vijana wa kikabaila walivipenda, marufuku. Kuwinda, marufuku, isipokuwa simba. Kumbusu mwanamke marufuku, hata awe mama yako mzazi au dada yako. Wale wa ukoo wa kikabaila walivaa joho jeupe, na wenzao wa chini joho jeusi au la hudhurungi, na msalaba mwekundu wakaja kupewa na Papa Eugenius III mwaka 1147.

Na hao wa chini ndo walikuwa wengi. Tukisema Watempla kila mtu anapata picha ya mtu juu ya farasi amevaa chuma mwili mzima, lakini hilo lilikuwa shirika lenye wakulima, wahunzi, wapishi, wachunga kondoo, mapadre, mabaharia. Wengi waliokuja kukamatwa baadaye hawakuwahi kuiona Yerusalemu hata siku moja.

Mwaka 1139 Papa Innocent II akawapa kitu kikubwa kuliko upanga. Hawatoi zaka, wanaruhusiwa kuwa na mapadre wao wenyewe, na hawawajibiki kwa askofu yeyote wala mfalme yeyote, bosi wao ni Papa peke yake. Watu wakaanza kuwarithisha mashamba, vinu, misitu, bandari. Mfalme Alfonso I wa Aragon, huko Hispania ya leo, hakuwa na mtoto, alipokufa 1134 ikakutwa wosia wake ameuacha ufalme mzima kwa mashirika matatu, Watempla wakiwemo. Wakubwa wa kule waliukataa huo wosia, lakini jiulize mtu anafikaje kuandika kitu kama hicho, watu wenyewe walikuwa wametambuliwa rasmi miaka michache tu nyuma.

Binti wa Pangani

Kaka samahani nakukatisha, nimekwama hapo kwenye Al-Aqsa. Yani walikuwa wanaishi msikitini kabisa, farasi na kila kitu? Waislamu wa pale walikuwa wanaswali wapi?

Mleta uzi

Dada hujakatisha, swali zuri hilo. Ndiyo waliishi mulemule, wakaongeza majengo pembeni, farasi wakawaweka kwenye yale maghala makubwa ya chini upande wa kusini-mashariki, na sehemu ya mihrabu wakaijengea ukuta ikafichika.

Lakini kuna kisa kimoja nakipenda sana. Usama ibn Munqidh, kabaila wa Kiarabu kutoka Shaizar huko Shamu, aliandika kumbukumbu zake akiwa mzee sana. Anasema akienda Yerusalemu alikuwa anapita Al-Aqsa, na Watempla waliokuwa pale anawaita rafiki zake, walikuwa wanamwachia kimsikiti kidogo cha pembeni aswali. Siku moja ameshakabiri anaswali, akaja Mfaranga akamkamata akamgeuza uso kuelekea mashariki akamwambia sali hivi. Watempla wakamtoa yule mtu. Usama akarudi kwenye sala, jamaa akavizia akamrudia tena. Wakamtoa mara ya pili wakamwomba Usama radhi, wakamwambia huyu ni mgeni amekuja juzi tu kutoka nchi za Wafaranga, hajawahi kuona mtu anasali bila kuelekea mashariki.

Sisemi walikuwa watu wa amani, hapana, walikuwa wanaua na kuuawa na Waislamu kwa miaka karibu 200. Ila waliokaa pale muda mrefu walishajifunza majirani zao ni watu. Mgeni wa juzi ndo alikuwa na shida.

Mtu wa Bandarini

Mkuu mimi twende kwenye hela. Nasikia ndo walioanzisha benki duniani, kuna ukweli hapo au stori za vijiweni?

Mleta uzi

Benki za kwanza duniani siyo, Waarabu na Wayahudi na miji ya Italia walishakuwa na njia zao za kutuma hela kabla. Lakini kwa Ulaya ya wakati ule walikuwa mtandao ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Wana nyumba London, wana nyumba Paris, wana nyumba Akka, bandari ya Palestina, kote kuna ngome, kuna ukuta mnene, kuna watu walioapa kutomiliki kitu. Wewe kabaila unataka kwenda vitani au kuhiji, unaacha fedha zako Paris, unapewa barua, unaenda kuchukua ng'ambo. Ukifikiria vizuri ni kama tunavyotuma hela kwa wakala sa hivi, hela yenyewe haisafiri, kinachosafiri ni neno. Hazina ya wafalme wa Ufaransa ilikaa kwenye nyumba yao ya Paris kwa miaka mingi tu.

Ngoja niwape kisa kimoja ili mjue walivyokuwa wanashika amana. Mwaka 1250 mfalme Louis IX wa Ufaransa alitekwa Misri na jeshi lake. Fidia ilipangwa livre (fedha ya Ufaransa) 400,000, nusu ilipwe palepale kabla hawajaachiwa wote. Wamehesabu hela siku mbili, zimepungua 30,000. Jean de Joinville, mtu wa karibu wa mfalme, akasema si Watempla wapo hapa na meli yenye makasha ya fedha za watu, tuwakope. Kamanda wao akakataa kata kata, akasema fedha hizi tumezipokea kwa kiapo kwamba hatuzitoi ila kwa mwenyewe aliyeziweka. Hapo ndugu yake mfalme bado ameshikwa mateka! Ikabidi mkubwa mwingine wa Watempla, Renaud de Vichiers, atafute njia, akasema sisi kiapo hatuwezi kukivunja, ila mkizichukua kwa nguvu hiyo ni habari nyingine. Joinville akaingia melini, akaona kasha, akaomba ufunguo, wakamnyima, akashika shoka akasema basi huu ndo utakuwa ufunguo wa mfalme. Wakampa ufunguo. Kiapo kimebaki salama na mfalme amepata hela yake.

Shikeni hicho kisa, kwa sababu mfalme atakayekuja kuwaangamiza ni mjukuu wa huyohuyo Louis.

Mleta uzi

Kwenye vita nitapita haraka, kuna wengine humu wanazijua kuliko mimi. Walikuwa na nidhamu kuliko askari wote wa Wafaranga, hawakimbii mpaka bendera yao nyeusi na nyeupe ianguke. Ila nidhamu bila kiongozi mwenye akili inaua. Mwaka 1187 mkuu wao alikuwa Gérard de Ridefort, mtu wa hasira, tarehe 1 Mei akawaongoza wapanda farasi mia na kitu kushambulia maelfu karibu na Nazareti, karibu wote wakafa, yeye akatoka hai. Miezi miwili baadaye, ni huyohuyo aliyemshawishi Guy, mfalme wa Yerusalemu, usiku waondoke kwenye maji wavuke nyanda kavu kwenda Tiberia, mwezi wa Julai, jua la Palestina. Tarehe 4 Julai Salahuddin Ayyubi, sultani wa Misri na Shamu, akawamaliza Hattin, watu wamekufa kiu kabla ya upanga.

Baada ya vita Salahuddin akamwachia mfalme aishi, ila Watempla na Wahospitali (shirika lingine la askari watawa) waliotekwa akatoa dinari 50 kwa kila mmoja atakayeletwa kwake, kisha wakakatwa vichwa, kama 200 hivi. Siyo chuki tu, aliwajua. Kabaila wa kawaida ukimwachia kwa fidia anarudi kwake, hawa ukiwaachia wanarudi kwenye farasi. Cha ajabu Ridefort mwenyewe hakuuawa, akaachiwa, akaenda kufa Akka 1189.

Tarehe 2 Oktoba 1187 Yerusalemu ikasalimu amri. Dada wa Pangani, na hapa ndo jibu lako linakamilika. Ule ukuta wa mihrabu ukavunjwa, msikiti ukaoshwa kwa marashi ya waridi, na ikaletwa mimbari kutoka Aleppo ambayo Nuruddin, mtawala wa Shamu kabla ya Salahuddin, aliitengenezesha miaka mingi kabla akisubiri siku hiyo, akafa hajaiona. Mimbari hiyo ilikaa pale mpaka 1969 ilipochomwa moto.

Watempla wakahamia Akka, wakabaki pale miaka 100. Tarehe 18 Mei 1291 Sultani al-Ashraf Khalil wa Misri akaingia Akka, mkuu wao Guillaume de Beaujeu akafa akipigana, na siku kumi baadaye mnara wao wa baharini ukaporomoka juu ya waliokuwemo. Waliobaki wakakimbilia kisiwa cha Kupro.

Sasa fikiria. Shirika liliundwa kulinda mahujaji na Nchi Takatifu, Nchi Takatifu haipo tena mikononi mwao, ila mashamba yapo, hela zipo, na msamaha wa kodi upo. Hapo ndo unakuwa mnono bila kazi, na jirani yako ana njaa.

Mleta uzi

Huyo jirani ni Philip IV wa Ufaransa. Alikuwa mzuri wa sura, wakamwita Philip Mzuri, na alikuwa na madeni ya vita na Waingereza na watu wa Flanders. Alichofanya kwanza akapunguza fedha halisi kwenye sarafu, bei zikapanda. Mwaka 1306 akawafukuza Wayahudi wote Ufaransa akachukua mali zao. Mwaka huohuo wananchi wa Paris wakaandamana kwa hasira ya sarafu mpaka mfalme akakimbilia kujificha, mnajua wapi? Kwenye nyumba ya Watempla. Ina maana alilala pale, akaziona zile kuta, akajua kilichomo.

Tarehe 14 Septemba 1307 zikatoka barua za siri zenye mhuri kwenda kwa maofisa wake nchi nzima. Tarehe 12 Oktoba mkuu wa Watempla Jacques de Molay alikuwa Paris kwenye mazishi ya mke wa mdogo wake mfalme, na alikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Alfajiri ya kesho yake, Ijumaa tarehe 13, wakakamatwa Ufaransa nzima, naye akiwemo.

Mashtaka: eti wakiingizwa shirika wanamkana Kristo, wanatemea mate msalaba, wanabusiana sehemu za aibu, wanalala wenyewe kwa wenyewe, wanaabudu kichwa. Paris walihojiwa 138, wakakiri 134. Mtu akisoma namba hiyo peke yake anasema kumbe kweli. Lakini soma walivyohojiwa. Padre mmoja wa shirika, Bernard de Vaho, alipofikishwa baadaye mbele ya tume ya Papa alisema nyayo zake zilichomwa motoni muda mrefu mpaka siku chache baadaye mifupa ya visigino ikadondoka, na akaionyesha ile mifupa mbele ya tume. Alikuja nayo mkononi. Mwingine, Ponsard de Gisy, akasema alifungwa mikono nyuma mpaka damu ikafika kwenye kucha na akatupwa shimoni, na akaiambia tume kwamba wakimtesa tena atasema chochote watakachotaka. Nikifika kwenye maneno hayo huwa naweka kitabu pembeni kidogo.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Watempla wakapata moyo, mamia wakajitokeza mbele ya tume kutetea shirika na kukana waliyoyakiri. Kwa sheria ya wakati ule ukikiri uzushi, yani imani iliyokataliwa na Kanisa, halafu ukakana umerudia dhambi, adhabu yake moto. Askofu mkuu wa Sens, ambaye ni ndugu wa waziri wa mfalme, tarehe 12 Mei 1310 akawachoma 54 siku moja nje ya Paris. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kosa kwenye moto. Utetezi ukaishia hapo, nani angejitokeza tena?

Na ukitaka kujua ukweli angalia nje ya Ufaransa. Kupro ambako walikuwa wengi na silaha zao, hawakukiri. Ureno na Castile, wakaonekana hawana hatia. Aragon, wakaachiwa na mtaguso wa Tarragona 1312. Kosa lilelile, shirika lilelile, kanuni zilezile, ila wanakiri palipo na moto tu.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu heshima kwako lakini mimi hapo napingana na wewe kidogo. Hicho kichwa Baphomet kipo kwenye kumbukumbu za mahakama, hata picha zake zipo, mtu mwenye kichwa cha mbuzi. Na Freemason mpaka leo wana ngazi ya Watempla. Huwezi kusema yote ni uzushi wa mfalme, lisemwalo lipo.

Mleta uzi

Mwalimu asante, na nakujibu kwa heshima. Neno Baphomet ni kweli lipo kwenye mashtaka, ila chimbuko lake ni hili, Wazungu wa zama hizo jina la Mtume Muhammad walilitamka Mahomet, na kwa lahaja za kusini mwa Ufaransa likawa Bafomet. Lipo hata kwenye barua ya askari mmoja wa msalaba ya mwaka 1098, akielezea Waislamu wakiomba dua wakati wa vita, na hapo Watempla hawajazaliwa. Kwa hiyo shtaka lenyewe lilikuwa "hawa wamekuwa kama Waislamu", na waandishi wa mashtaka hawakujua hata kwamba Uislamu hauna sanamu. Waliokiri habari ya kichwa kila mmoja alisema lake, huyu ndevu, huyu sura mbili, huyu paka. Ile picha ya mbuzi ilichorwa na Mfaransa Éliphas Lévi miaka ya 1850, miaka zaidi ya 500 baadaye.

Freemason walianzisha muungano wao mkuu London 1717. Kuanzia 1314, alipouawa mkuu wa mwisho wa Watempla, mpaka hapo ni miaka 403. Jina waliliokota, kama timu ya mtaani kwetu ikijiita Barcelona. Na kuhusu hazina, maofisa wa mfalme waliandika orodha ya walichokuta kwenye nyumba nyingi siku ileile ya kukamata, zipo mpaka leo: ng'ombe, kondoo, nguruwe, ngano ghalani, masufuria, vitanda, vitu vya kanisani. Utajiri wao ulikuwa ardhi, na ardhi huwezi kuizika.

Na kuna karatasi moja zaidi. Mwaka 2001 mtafiti Barbara Frale aliikuta kwenye hifadhi ya nyaraka za Vatikano hati ya Chinon ya Agosti 1308, inayoonyesha makadinali waliotumwa na Papa Clement V waliwahoji Molay na wakubwa wenzake na wakawaondolea dhambi. Kwa hiyo Papa alishawasamehe. Alichokosa ni ubavu wa kumkatalia mfalme. Tarehe 22 Machi 1312 akalifuta shirika, na kwenye hati yake hakusema wana hatia, alisema limechafuka jina haliwezi kuendelea. Mali akaamuru wapewe Wahospitali.

Molay alikuwa mzee. Tarehe 18 Machi 1314 wakatolewa yeye na wenzake watatu mbele ya kanisa la Notre-Dame kusomewa kifungo cha maisha. Wawili wakanyamaza. Molay na Geoffroi de Charney wakasimama wakasema mbele ya watu wote kwamba shirika halina kosa, kosa lao ni kukiri uongo ili kuokoa nafsi. Jioni ileile wakachomwa kwenye kisiwa kidogo cha mto Seine. Papa akafa tarehe 20 Aprili, mfalme tarehe 29 Novemba, mwaka huohuo. Habari ya laana aliyoitoa motoni ilikuja kutungwa baadaye, kama ambavyo mkosi wa Ijumaa tarehe 13 kuunganishwa nao ni jambo la juzi tu. Mimi naona ushujaa wake hauhitaji laana. Yule mzee alikuwa ameshapewa uhai, kifungoni lakini uhai, na akaukataa.

Binti wa Pangani

Nimesoma huku machozi yananilenga. Na hao Wahospitali ndo wakina nani tena?

Mleta uzi

Kwa kifupi dada, wao walianza kama watu wa kuuguza mahujaji Yerusalemu, jina la Mtakatifu Yohane, baadaye nao wakashika silaha. Wakateka Rhodes, Sultani Suleiman akawatoa 1522, wakapewa Malta 1530, Napoleon akawatoa 1798, na mpaka leo wapo kama shirika la Kikatoliki la misaada lenye makao Roma. Ule msalaba mweupe wa ncha nane wa St John Ambulance unaouona viwanjani Nairobi umetokana na alama yao, japo St John yenyewe ilianzishwa Uingereza karne ya 19. Walinusurika kwa sababu walipata kisiwa chao wenyewe kabla mfalme hajawageukia.

Mtu wa Bandarini

Mkuu Malindi vipi, uliahidi.

Mleta uzi

Sijasahau. Nakuja.

Ureno Watempla walikuwepo toka 1128, wakipigana na Waislamu wa kusini mwa nchi, na mwaka 1160 mkuu wao wa huko Gualdim Pais akaanza kujenga ngome ya Tomar, ndani yake kanisa la mviringo ambalo bado limesimama. Amri ya Papa ya kuhamisha mali ilipofika, mfalme Dinis akagoma. Akasema ardhi hii ni ya ufalme, tuliwapa waitumie tu. Akabishana na Papa miaka, mpaka 1319 Papa John XXII akakubali liundwe shirika jipya Ureno, Shirika la Kristo, likapewa mali zote za Watempla wa kule, na ndugu wengi wa zamani wakaingia humo. Mwaka 1357 makao yakarudi Tomar. Msalaba mwekundu ukabaki, wakauchora msalaba mweupe mwembamba katikati.

Mwaka 1420 akawekwa kulisimamia mtoto wa mfalme, Henrique, yule tuliyemsoma shuleni kama Henry Baharia. Vitabu vyetu vilisema alipenda sana bahari, havikusema hela alitoa wapi. Sehemu kubwa ilitoka kwenye mapato ya shirika hili. Mwaka 1456 Papa akalipa shirika mamlaka ya kidini juu ya nchi zote mpya kuanzia rasi ya Bojador kushuka na kuelekea India, yani sisi tumeshagawiwa kabla hatujaonekana. Na Manuel I alipokuwa mfalme 1495 tayari alikuwa ndo msimamizi wa shirika, hazina mbili mfuko mmoja.

Kwa hiyo Vasco da Gama anaondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 amekabidhiwa na Manuel bendera yenye msalaba wa Shirika la Kristo, na ndo msalaba uliochorwa kwenye matanga ya meli za Wareno. Tarehe 7 Aprili 1498 wapo mbele ya Mombasa, wakaogopana na wenyeji. Katikati ya mwezi wapo Malindi, sultani wa pale akawapokea vizuri kwa sababu alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, akawapa rubani, tarehe 20 Mei wakafika Calicut, India.

Mimi nilienda Malindi kwenye harusi ya binamu yangu, asubuhi nikatembea mpaka pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Watu wanapiga picha, watoto wanauza maji, na bahari iko palepale. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma habari za Bernard de Vaho na ile mifupa yake. Nilisimama muda mrefu, nikawa nafikiria wazee wa Malindi walivyosimama ufukweni siku ile wakaona yale matanga, wakaona alama nyekundu, na hakuna hata mmoja pale, hata Wareno wenyewe, aliyekuwa anafikiria ilitoka kwa watu waliokuwa wanalala Al-Aqsa.

Mwalimu wa Zamu

Hapo kwa Baphomet nimekuelewa mkuu, nashukuru. Ila usiishie Malindi walikopokelewa vizuri. Mimi ni mtu wa Kilwa. Wamalizie.

Mleta uzi

Uko sahihi mwalimu, na ni haki yenu.

Nianze kwa kusema Watempla hawakuchoma Kilwa, walikuwa wameshafutwa miaka 193. Lakini meli zilikuja chini ya ule msalaba. Julai 1505 Francisco de Almeida akashusha askari Kilwa, mji ukaangukia mikononi mwao. Kuna maelezo ya Wareno wenyewe, wanasema mapadre wa Kifransisko walishuka wamebeba misalaba miwili, wanaimba wimbo wa shukrani kwa Mungu, wakaenda mpaka kwenye jumba la mfalme wakauweka msalaba, Almeida akasali. Kisha kila mtu akaanza kupora.

Agosti wakawa Mombasa. Baada ya hapo mfalme wa Mombasa akamwandikia mwenzie wa Malindi, yule waliyekuwa na ugomvi, kwamba hawakuachwa wanaume wala wanawake, wazee wala watoto wadogo, hata ndege wa angani walitunguliwa, na harufu ya maiti ni kali kiasi kwamba hathubutu kuingia mjini kwake.

Ngome waliyoacha Kilwa leo inaitwa Gereza, majengo mengi mnayoyaona pale ni ya Waarabu wa Oman walioijenga upya baadaye. Neno lenyewe gereza tumelitoa kwa Wareno, kwao ni kanisa.